Zahanati ikikosa dawa, nani alaumiwe? Jinsi Katiba ya Kenya ilivyogawa mamlaka ya dola

MAMA mjamzito anafika katika zahanati ya kijijini alfajiri na kuelezwa kuwa hakuna dawa wala glavu. Jumapili inayofuata, mbunge wa eneo hilo anapohudhuria harambee, waumini wanamkabili kwa maswali makali. Naye anajibu kwa ufupi: "Nendeni kwa gavana."

Gavana akiulizwa, anasema Hazina ya Kitaifa imechelewesha fedha. Hazina nayo inadai kaunti zina malimbikizo ya fedha ambazo hazijatumika. Diwani wa wadi anasema yeye hana bajeti, kazi yake ni kutunga sheria na kufuatilia. Seneta anaahidi kuwaita wahusika mbele ya kamati. Mama yule angali hajapata dawa.

Mchezo huu wa kurushiana lawama umekuwa sehemu ya siasa zetu tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Hata hivyo, Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010, haikuacha jambo hili gizani. Ilieleza ni nani mwenye mamlaka gani, ni nani wa kumchunga, na fedha zitapita njia ipi. Asiyejua mgawanyo huo hugonga mlango usio wake.

Makala haya yanaeleza mgawanyo huo kwa pande zake mbili. Upande wa kwanza ni wa ulalo: kati ya Bunge, Serikali na Mahakama. Upande wa pili ni wa wima: kati ya serikali kuu na serikali 47 za kaunti.

Tulikotoka

Mgawanyo wa mamlaka si jambo geni nchini. Katiba ya uhuru, iliyotokana na mazungumzo ya Lancaster House jijini London, ilikuwa na serikali za majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi. Kila jimbo lilikuwa na bunge lake. Katika ngazi ya taifa kulikuwa na mabunge mawili, la Wawakilishi na la Seneti, na Seneti ilikuwa na wanachama 41.

Chama cha Kadu, chini ya Ronald Ngala, ndicho kilichopigania mfumo huo kwa hofu kwamba jamii ndogo zingemezwa na zile kubwa. Chama cha Kanu cha Jomo Kenyatta kiliukubali shingo upande ili uhuru usicheleweshwe. Kilipounda serikali mwaka 1963, hakikuwa na haja ya kuulea mfumo ambao hakikuutaka, na majimbo yalinyimwa fedha na majukumu yaliyostahili kupewa.

Kadu ilijivunja Novemba 1964 na wabunge wake wakajiunga na Kanu. Mwezi uliofuata Kenya ikawa Jamhuri, Rais akawa kiongozi wa taifa na wa serikali kwa pamoja. Mabunge mawili yaliunganishwa mwishoni mwa mwaka 1966, na kufikia 1968 mabaki ya mfumo wa majimbo yalikuwa yamefutwa. Nafasi yake ilishikwa na utawala wa mikoa, yaani mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya hadi chifu na naibu wake, wote wakiwajibika kwa Rais.

Baada ya ngazi ya chini kunyang'anywa uwezo, zamu ya mihimili mingine ilifika. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kiliifanya Kenya kuwa taifa la chama kimoja kisheria. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu waliondolewa ulinzi wa kikatiba wa kazi zao. Miaka miwili baadaye, majaji nao wakapoteza ulinzi huo. Ulirejeshwa mwaka 1990, na kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991 kufuatia shinikizo za ndani na nje ya nchi.

Somo la miaka hiyo ni kwamba Katiba haikupinduliwa kwa mtutu wa bunduki. Ilibomolewa kifungu kimoja kimoja ndani ya Bunge, kwa kufuata utaratibu, huku wabunge wakipiga kura ya ndio.

Ndiyo maana safari ya Katiba mpya ilichukua muda mrefu. Tume iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai ilikusanya maoni ya wananchi na kufuatiwa na kongamano la Bomas. Rasimu iliyobadilishwa baadaye ilikataliwa katika kura ya maoni ya Novemba 21, 2005, ile ya chungwa na ndizi. Iliwabidi Wakenya zaidi ya 1,000 wauawe katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ndipo viongozi wakaketi tena kwa dhati. Kamati ya Wataalamu chini ya wakili Nzamba Kitonga iliandaa rasimu mpya, ambayo takriban thuluthi mbili ya wapiga kura waliiidhinisha Agosti 4, 2010.

Chimbuko la mamlaka

Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya. Wanaweza kuyatumia wenyewe moja kwa moja, au kupitia kwa wawakilishi waliowachagua kidemokrasia.

Kisha kifungu hicho kinataja waliokabidhiwa mamlaka hayo kwa niaba ya wananchi: Bunge na mabunge ya kaunti, serikali kuu na serikali za kaunti, pamoja na Mahakama na mabaraza huru ya kuamua kesi. Kinaongeza kuwa mamlaka hayo yatatumika katika ngazi mbili, ya taifa na ya kaunti.

Tofauti na zamani ni kubwa. Chini ya Katiba ya awali, mkuu wa wilaya alikuwa mwakilishi wa Rais. Gavana wa leo si mwakilishi wa Rais. Amepewa kazi na wapiga kura wa kaunti yake, na Rais hawezi kumfuta kwa tangazo la redioni saa saba mchana, kama walivyokuwa wakifutwa mawaziri na wakuu wa mashirika enzi zile.

Mihimili mitatu

Bunge lina sehemu mbili. Bunge la Kitaifa lina wabunge 290 waliochaguliwa katika maeneobunge, wawakilishi wa kike 47, wabunge 12 wa kuteuliwa na Spika. Seneti ina maseneta 47 waliochaguliwa, wanawake 16 walioteuliwa na vyama, wawakilishi wawili wa vijana, wawili wa watu wenye ulemavu, na Spika wake.

Bunge la Kitaifa hutunga sheria, huidhinisha bajeti na kodi, na huwapiga msasa watu walioteuliwa na Rais kabla ya kuapishwa. Seneti hulinda maslahi ya kaunti. Inashiriki kutunga sheria zinazozihusu kaunti, huamua namna kaunti zitakavyogawana fedha, na hufuatilia matumizi ya fedha hizo. Katika kura zinazohusu kaunti, kila ujumbe wa kaunti huwa na kura moja. Kwa hivyo Lamu, yenye watu wachache, ina uzito sawa na Nairobi.

Kwa upande wa serikali, Rais huchaguliwa na wananchi wote. Ili atangazwe mshindi katika duru ya kwanza ni sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24. Mawaziri hawapungui 14 wala hawazidi 22, na hakuna anayeruhusiwa kuwa mbunge kwa wakati huo huo. Zamani waziri alikuwa mbunge, na Rais aliweza kulinyamazisha Bunge kwa kugawa viti vya uwaziri na unaibu waziri.

Rais pia alipoteza silaha nyingine nzito, nayo ni uwezo wa kuvunja Bunge kwa wakati aliotaka na kuamua siku ya uchaguzi. Siku hizi tarehe imo ndani ya Katiba: Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Rais akikataa kutia saini mswada, huurejesha bungeni na maelezo yake. Thuluthi mbili ya wabunge wakishikilia msimamo wao, mswada huwa sheria hata bila ridhaa yake.

Mahakama, iliyo mhimili wa tatu, ina Mahakama ya Juu yenye majaji saba, Mahakama ya Rufaa, Mahakama Kuu na nyingine za hadhi ya Mahakama Kuu, kisha mahakama za chini. Tume ya Huduma za Mahakama ndiyo huwahoji wanaotaka kuwa majaji na kupendekeza majina, naye Rais huwateua. Jaji Mkuu na naibu wake lazima pia waidhinishwe na Bunge la Kitaifa. Majaji hustaafu wakiwa na umri wa miaka 70, na Jaji Mkuu hashiki wadhifa huo kwa zaidi ya miaka 10.

Kila mhimili wamchunga mwenzake

Kugawa mamlaka si kujenga vyumba vitatu visivyo na milango. Katiba imempa kila mmoja njia ya kumzuia mwenzake asivuke mpaka, na njia hizo zimejaribiwa mara kadhaa.

Mnamo Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta katika uchaguzi wa Agosti mwaka huo. Hilo lilikuwa la kwanza kutokea barani Afrika. Mahakama hiyo hupewa siku 14 pekee kuamua kesi ya urais tangu inapowasilishwa. Mwaka 2013 na 2022 ilitupilia mbali kesi za aina hiyo.

Mnamo 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majina 41 ya majaji. Rais Kenyatta alikataa kuwateua, akidai baadhi yao hawakustahili. Mvutano huo uliendelea hadi Juni 2021 alipowateua 34 na kuwaacha sita. Sita hao waliteuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022, siku ile ile alipoapishwa. Kisa hicho kilidhihirisha kuwa Katiba inaweza kumpa Rais jukumu dogo la kutia muhuri, lakini haina mkono wa kushika kalamu kwa niaba yake.

Bunge nalo limewahi kukaidi. Katiba inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wanachama wa taasisi yoyote ya kuchaguliwa au kuteuliwa. Bunge liliposhindwa kutunga sheria ya kutekeleza hitaji hilo, Jaji Maraga alimshauri Rais mnamo Septemba 2020 alivunje. Halikuvunjwa, na mjadala ukahamia mahakamani.

Kuhusu kumng'oa Rais au Naibu Rais, njia ni ndefu makusudi. Thuluthi moja ya wabunge lazima iunge mkono kuwasilishwa kwa hoja, thuluthi mbili ya wabunge wote iipitishe, kisha Seneti isikize mashtaka na thuluthi mbili ya maseneta wote iyathibitishe. Njia hiyo ilitumika kikamilifu kwa mara ya kwanza Oktoba 2024. Bunge la Kitaifa lilipiga kura 281 kwa 44 kumtimua Naibu Rais Rigathi Gachagua na Seneti ikaidhinisha siku tisa baadaye. Profesa Kithure Kindiki aliapishwa kuchukua nafasi yake Novemba 1, baada ya vuta nikuvute mahakamani.

Nje ya mihimili hiyo mitatu zipo tume na afisi huru. Mbili zinagusa mfuko wa kila mwananchi. Mdhibiti wa Bajeti huidhinisha fedha kabla hazijatoka katika hazina ya umma, naye Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huchunguza zilivyotumika baada ya kutoka. Mmoja analinda mlango wa kuingilia, mwingine anakagua nyayo.

Ngazi mbili, si bwana na mtwana

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa zaidi ya miaka 40, uamuzi wa kuchimba kisima Turkana au kujenga zahanati Kwale ulifanyiwa Nairobi. Ugatuzi ulikuja kusogeza fimbo.

Kifungu cha 6 kinasema serikali za ngazi hizo mbili ni tofauti na zinategemeana, na kwamba zitahusiana kwa mashauriano na ushirikiano. Maneno hayo yana uzito. Kaunti si idara ya serikali kuu, wala si nchi ndani ya nchi.

Hapa ndipo wengi huchanganya ugatuzi na mfumo wa shirikisho. Nchini Marekani, kila mojawapo ya majimbo 50 ina katiba yake, bunge lake na mahakama yake ya juu. Jirani zetu wa Tanzania wana mfano mwingine. Zanzibar ina Katiba yake ya mwaka 1984, Rais wake na Baraza la Wawakilishi, huku mambo ya Muungano yakiorodheshwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977. Kaunti ya Kenya haina katiba yake wala mahakama zake wala polisi wake. Mamlaka yake yote yanatokana na Katiba moja ya Jamhuri.

Orodha ya kazi imo katika Jedwali la Nne. Serikali kuu imebakiwa na ulinzi, polisi, mashauri ya kigeni, mahakama, sera za uchumi, barabara kuu, vyuo vikuu, shule za msingi na za upili, na hospitali za kitaifa za rufaa.

Kaunti zimepewa kilimo, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, masoko na leseni za biashara, maji na usafi wa mazingira, huduma za zimamoto, shule za chekechea na vyuo vya kiufundi vya vijijini.

Mzazi anayemlilia gavana kwa kuwa shule ya upili haina mwalimu amekosea mlango, maana mwalimu huyo huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Vivyo hivyo, anayemlaumu mbunge kwa soko lisilo na choo anamwonea. Lakini wanasiasa nao wamechangia kuwachanganya wananchi. Magavana hutoa basari za shule za upili, na wabunge hujenga barabara na zahanati kwa fedha za ustawi wa maeneobunge. Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliamua kuwa sheria ya mwaka 2013 ya hazina hiyo ya maeneobunge ilikiuka Katiba, kwani ilimfanya mbunge kuwa mtunga sheria na mtekelezaji kwa wakati mmoja, na kuingilia kazi za kaunti.

Tukirudi kwa mama yetu

Tukifuata Katiba, kisa cha zahanati isiyo na dawa kinaweza kufumbuliwa hatua kwa hatua.

Zahanati ni ya kaunti. Muuguzi ameajiriwa na bodi ya huduma za umma ya kaunti. Dawa hununuliwa kwa bajeti ya idara ya afya ya kaunti, ambayo iliandaliwa na gavana na mawaziri wake na kupitishwa na madiwani. Kwa hivyo wa kwanza kuulizwa ni gavana, na anayepaswa kumuuliza kwa niaba ya wananchi ni diwani.

Lakini sehemu kubwa ya dawa hutoka KEMSA, ambalo ni shirika la serikali kuu. Bima ya afya, ambayo tangu Oktoba 2024 inasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF, pia ni ya serikali kuu. Sera ya afya hutungwa na Wizara. Iwapo kaunti ina deni la KEMSA kwa sababu mgao wake umechelewa, basi Hazina ya Kitaifa ina swali la kujibu, na wa kuliuliza ni seneta.

Ugumu wa mpangilio huu ulionekana wazi madaktari walipogoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016. Waajiri wao walikuwa kaunti, lakini mkataba waliotaka utekelezwe ulikuwa umetiwa saini mwaka 2013 na serikali kuu. Kila upande ulimtazama mwenzake, na wagonjwa ndio waliolipa gharama. Mgomo mwingine wa mwaka 2024 ulidumu siku 56.

Fedha ndiyo roho

Mamlaka bila fedha ni bunduki bila risasi, kama majimbo ya 1963 yalivyojionea. Waandishi wa Katiba walilijua hilo. Waliandika kuwa kaunti zitapata si chini ya asilimia 15 ya mapato yote yaliyokusanywa na serikali kuu, kwa kuzingatia hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye mtego. Hesabu zikichelewa kuidhinishwa, asilimia 15 hupigwa kwa mapato ya miaka ya nyuma, ambayo ni madogo kuliko ya sasa. Kwa sababu hiyo serikali kuu hujigamba kuwa inatoa zaidi ya kiwango cha Katiba, nao magavana hulia njaa, na wote wawili huwa wanasema kweli.

Mgao huo ulikuwa Sh190 bilioni katika mwaka wa kwanza wa ugatuzi, 2013/14. Ulifika Sh316.5 bilioni mwaka 2019/20, baada ya Seneti kutaka Sh335 bilioni na Bunge la Kitaifa kukataa. Mwaka 2021/22 ulipanda hadi Sh370 bilioni.

Fedha hupita hatua mbili. Kwanza, Mswada wa Ugavi wa Mapato huamua serikali kuu itabaki na ngapi na kaunti zote zitapata ngapi. Pili, kaunti hugawana fungu lao kwa mfumo unaoamuliwa na Seneti kila baada ya miaka mitano, kwa ushauri wa Tume ya Ugavi wa Mapato. Mwaka 2020 maseneta walishindwa kuafikiana mara kadhaa, wale wa maeneo yenye watu wengi wakivutana na wale wa maeneo makame, hadi Septemba walipokubaliana kuwa hakuna kaunti itakayopunguziwa fedha.

Aidha, ipo Hazina ya Usawazishaji ambayo hutengewa nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka. Fedha zake ni za maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyosahauliwa, na Katiba iliipa maisha ya miaka 20.

Gavana naye ana kamba

Kuna waliohofia kuwa ugatuzi ungezaa marais wadogo 47. Katiba iliweka kamba pia kwa gavana. Diwani akiwasilisha hoja ya kumtimua na thuluthi mbili ya madiwani wote wakiipitisha, kesi hupelekwa Seneti. Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi waling'olewa kwa njia hiyo mwaka 2020, naye Kawira Mwangaza wa Meru mwaka 2024. Wengine waliokolewa na Seneti.

Hatua nzito zaidi ni kusimamisha serikali nzima ya kaunti. Mvutano wa gavana na madiwani wa Makueni ulipofikia kiwango cha vurugu, tume ya uchunguzi ilipendekeza kaunti hiyo ivunjwe. Rais Kenyatta alikataa mwaka 2015 na kuwataka wapatane.

Kaunti inaweza pia kuhamisha kazi zake kwa serikali kuu kwa makubaliano. Nairobi ilifanya hivyo Februari 2020, na kazi hizo zikasimamiwa na Idara ya Huduma za Jiji iliyoongozwa na Meja Jenerali Mohammed Badi, hadi kazi hizo ziliporejea mikononi mwa kaunti mwaka 2022. Hata hivyo, Katiba inasisitiza kuwa jukumu la mwisho hubaki kwa ngazi iliyopewa kazi hiyo awali.

Kufuli la mwisho

Baada ya kuona Katiba ya uhuru ikikatwakatwa bungeni, Wakenya waliweka kufuli. Mambo ya msingi kama vile mamlaka ya wananchi, haki za kibinadamu, muhula wa Rais, uhuru wa Mahakama na muundo wa ugatuzi hayawezi kubadilishwa na wabunge pekee. Sharti iitishwe kura ya maoni, angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wajitokeze katika nusu ya kaunti au zaidi, na walio wengi waunge mkono.

Kufuli hilo lilijaribiwa na mpango wa BBI wa Rais Kenyatta na Raila Odinga. Mahakama Kuu iliusimamisha Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Agosti, na Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu ikaamua kuwa Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa kutumia njia ambayo Katiba imewahifadhia wananchi wa kawaida kwa saini milioni moja. Majaji hao hata hivyo walikataa hoja kwamba kuna sehemu za Katiba zisizoweza kubadilishwa kamwe. Zinabadilika, mradi mwenye mali aulizwe.

Mlango upi ugongwe?

Kwa msomaji anayetaka muhtasari wa kukata na kubandika ukutani: dawa za zahanati, maji, soko, chekechea na barabara ya kijijini ni kwa diwani na gavana. Mwalimu wa shule ya msingi au upili, polisi, kitambulisho na barabara kuu ni kwa serikali kuu, na wa kuuliza ni mbunge. Fedha za kaunti zilizochelewa au kufujwa ni kwa seneta, Mdhibiti wa Bajeti na Mkaguzi Mkuu. Haki iliyokiukwa na yeyote kati yao ni kwa Mahakama, na kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda huko, hata kwa niaba ya mwenzake asiyeweza.

Kila bajeti ya kaunti lazima ipitie vikao vya kushirikisha umma. Mara nyingi mikutano hiyo huhudhuriwa na wachache, tena wale wale. Zahanati itakayokosa dawa mwaka ujao huenda ilikosa mtetezi katika ukumbi wa wadi mwaka huu, siku ambayo bajeti ilisomwa na viti vikawa vitupu.